Neno la Tano la MamTolo

Mimi ndiye mwanzisha nyimbo wa Umoja wa Akina Mama katika kanisa letu, na nasema hivi si kwa kujisifu, ingawa sauti ninayo. Nasema ili ieleweke kwa nini Ijumaa Kuu ile kanisa zima liligeuka kunitazama. Kwetu mtu akipanda kuhubiri, akashikwa na kilio au akapotea katikati ya maneno, hatumwachi pale juu aaibike. Mama mmoja anainua wimbo, wengine wanaupokea, miguu inapiga sakafu, na chini ya wimbo huo mhubiri anashuka taratibu akakae. Baadaye hakuna anayemwuliza kitu. Kazi ya kuinua wimbo huo ni yangu, mwaka wa ishirini na tatu sasa.

Aliyekuwa juu siku ile alikuwa MamTolo, jirani yangu.

MamTolo alizaliwa ng'ambo ya mlima, upande wa Ngcobo, akaolewa hapa Cala na Mzoli Gcanga nikiwa nami ndiyo kwanza nimeolewa nyumba ya pili. Tulichota maji pamoja, tukazaa pamoja, tukanenepa pamoja. Mimi niliendelea, yeye akaacha. Ni mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha chungu motoni, na kweli kwa miaka mingi amekuwa na vyungu motoni, maana ndiye mpishi wa shule. Kila asubuhi masufuria mawili ya makande, na watoto waliokula mkononi mwake sasa wanawaleta watoto wao. Ni mbahili wa sukari na mwepesi wa kukemea. Mwalimu mkuu aliwahi kumwambia apunguze maharage. Akamkabidhi mwiko, akaenda kukaa chini ya ukuta, na mwalimu mkuu akapika mpaka akaomba radhi.

Lakini kulikuwa na jambo moja lisilo la kawaida kwake, nalo lilikuwa maji.

Kwaresima ikifika, sisi wengine tunaacha vitu vyetu vidogo vidogo. Wapo wanaoacha sukari, wapo wanaoacha nyama. Mimi naacha ugoro, na kwa kuwa mama mwenye blauzi nyekundu ya Umoja haruhusiwi ugoro, inakuwa nimeacha kitu ambacho rasmi sina, na hasira zinazonipata siwezi kumweleza mtu. MamTolo aliacha maji. Kila Jumatano na Ijumaa, kutoka jua kuchomoza hadi kuzama, hakugusa hata tone, naye amesimama juu ya mvuke wa masufuria yale. Juma la mwisho alifunga hivyo siku zote. Watu walimwita mtakatifu. Mwaka juzi alianguka jikoni mbele ya watoto, na Sista Nomfusi, muuguzi wetu wa zahanati ambaye sasa amestaafu, akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba figo zake zimechoka, na kwamba akirudia mchezo huo atazikwa. Mwaka jana akarudia, akaanguka tena.

Mimi nilijua si utakatifu. Nilijua anajiadhibu, na nilijua kwa nini. Nilijua pia kitu kingine ambacho yeye hakukijua, na hicho ndicho kilinifanya niwe mtu mbaya kuliko nilivyopenda kujiona.

Mzoli mumewe alirudi kutoka migodini kifua kimeharibika, na baada ya miaka michache moyo nao ukaanza kushindwa. Miguu ilivimba. Daktari akamrudisha nyumbani na sharti: vikombe vitatu vidogo vya maji kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, basi. Ulikuwa mwezi wa pili, joto la kuchemsha mawe. MamTolo alilishika sharti lile kama amri kutoka mlimani. Aliifunika ndoo, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Mzoli aliomba. Mtu mzima, aliyeshuka chini ya ardhi miaka ishirini na sita, aliomba maji kama mtoto, na mkewe akamwambia, "Bado, baba Lwazi, subiri mchana," kisha akatoka nje kulia nyuma ya zizi ambako alidhani simwoni.

Siku tatu zilipita hivyo. Siku ya nne, Jumanne, MamTolo alikwenda zahanati kumchukulia dawa, akaniachia mgonjwa. Alipopotea tu kwenye kona, Mzoli akafumbua macho.

"Nowethu," akasema, "naomba maji."

"Bado, shemeji."

"Nowethu, nakuomba."

Alipoomba mara ya tatu niliinuka, nikaliondoa lile jiwe, nikakuta maji ya ndoo yamepata moto. Nilimpa kikombe cha bati kilichojaa hadi mdomoni, maji ya tangi la mvua, baridi. Akanywa huku ameshika mkono wangu. Akaomba tena, nikamwongeza nusu. Akalala chali akapumua, nikaona uso wake umelainika. Akasema, "Usimwambie mwenyewe, atanigombeza." Nikarudisha jiwe mahali pake. MamTolo aliporudi nikaenda kwangu kutazama kuku, na saa kumi nikasikia kilio kimepigwa nyumba ya pili.

Miaka kumi na mmoja. Kila nilipomwona jirani yangu na midomo iliyopasuka nilitaka kumwambia kwamba mumewe alikunywa. Kisha naogopa. Ningesemaje? Daktari alikataza, mke akashika sharti siku tatu, mimi nikalivunja kwa dakika tano na mtu akafa jioni ileile. Kumtua mzigo wake kulikuwa ni kukiri kwamba mimi nilimuua mumewe. Basi nilinyamaza, nikaimba.

Sasa nije kwenye yale Maneno Saba. Ijumaa Kuu kwetu huhubiriwa maneno saba aliyoyasema Bwana msalabani, wahubiri saba, kutoka saa sita hadi saa tisa. Alhamisi ya juma lililotangulia tunapiga kura: karatasi saba ndani ya kofia nyeupe ya mama mwenyekiti, kila aliyechaguliwa anachomoa yake. Mara mbili huko nyuma MamTolo aliwahi kuchomoa Neno la Tano, "Naona kiu," na mara zote mbili alibadilishana na mtu. Mara moja alibadilishana na mimi. Hakuna aliyejali.

Lakini mwaka huu tuna mchungaji mpya, Mchungaji Ntlabati, kijana mwenye viatu vya ncha na saa kubwa mkononi.

"Mwaka huu hakuna kubadilishana," alisema. "Neno lililokuangukia ndilo lako. Haya si vitambaa vya kichwa."

MamTolo akafungua karatasi yake. Nilikuwa nimekaa upande wake, sikuhitaji kuisoma. Aliikunja ikawa ndogo kama punje, akaitia kifuani.

Njiani kurudi nilijaribu.

"Nitakwenda kuongea na yule mtoto wa viatu vya ncha," nikamwambia. "Atanisikiliza."

"Usiongee na mtu."

"Basi sema unaumwa."

"Tangu lini mimi naumwa?"

"Tangu ulipoanguka nusura utumbukie kwenye makande."

"Niliteleza."

"Uliteleza kwenye nini, MamTolo? Sakafu ilikuwa kavu kuliko wewe."

Hakucheka. Tulipofika kwenye lango lake la waya alisimama. "Juma lijalo zima nitafunga mchana," akasema. "Na kuanzia Alhamisi jua likizama sinywi tena, mchana wala usiku, mpaka Jumapili asubuhi. Siwezi kusimama pale kusema habari za kiu tumbo likicheza chai."

"Sista Nomfusi alisema utakufa."

"Sista Nomfusi si Mungu."

Nikafumbua mdomo. Naapa nilifumbua mdomo ili nimwambie. Kilichotoka ni kwamba uzio wake umelegea upande wa kondoo. Akasema ataukaza, akaingia ndani, nami nikaenda kwangu nikiwa nimejichukia kiasi cha kutafuta kopo la ugoro, Kwaresima au si Kwaresima. Nilivuta. Nalitubu hilo hapahapa.

Ijumaa ilikuja na upepo wa baridi, mahindi yakisuguana mashambani. Kanisa lilijaa hadi mlangoni. MamTolo aliingia peke yake, akakaa safu ya mbele, na blauzi nyekundu iliyomkaa vizuri mwaka juzi ikamning'inia mabegani. Ngozi ya midomo yake ilikuwa inabanduka. Sista Nomfusi aliyekaa nyuma yangu alinisukuma bega kwa kidole.

"Huyu hajanywa tangu lini?"

"Tangu jana."

"Akianguka leo nani atajibu? Wewe ndiye rafiki yake."

Nikafungua kitabu cha nyimbo. Neno la kwanza likapita, la pili, la tatu. La nne lilihubiriwa na mwalimu mstaafu anayependa sauti yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilitamani asimalize. Akamaliza. MamTolo akapanda ngazi akishika ukuta.

"Nitasema kifupi," akasema, na sauti ilitoka kama ufagio wa miti ukiburutwa. "Neno langu ni 'Naona kiu.' Mnanisifu humu ndani kwamba nafunga. Acheni kunisifu. Sifungi kwa ajili ya Bwana. Mume wangu aliona kiu siku tatu nyumbani kwangu, maji yakiwa hatua nne kutoka kitandani, na mimi ndiye niliyekaa kati yake na maji. Wale askari waliosimama pale chini ya msalaba mnawasema vibaya kila mwaka. Mimi nawajua. Walikuwa wameambiwa, nao wakashika walichoambiwa."

Alilamba midomo.

"Hilo ningeweza kulibeba," akaendelea. "Lisilobebeka ni hili, sijawahi kulisema. Siku ya mwisho nilirudi kutoka zahanati nikampelekea kikombe chake cha mchana. Nikamwinua kichwa. Nikasema, baba Lwazi, maji yako haya. Mtu aliyeyalilia siku tatu. Akanitazama, akakisukuma kikombe pembeni kwa mkono wake, hivi. Akafumba macho. Saa kumi hakuwepo. Alinisusa. Mume wangu alikufa amenisusa, hakutaka tena kitu kinachotoka mkononi mwangu, na ..."

Hapo sauti ikakatika. Alishika ubao wa mimbari kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika, na kina mama wote waliovaa nyekundu wakanigeukia. Mama mwenyekiti alinitolea macho. Ilikuwa wakati wa wimbo.

Wimbo nilikuwa nao tayari kooni. Ningeuinua, wangeupokea, MamTolo angeshuka chini yake, na mambo yangeishia hapo kama yanavyoisha siku zote. Angeenda kwake na midomo ile. Nami nilikuwa nimeganda kwa sababu nyingine: kwa miaka yote hiyo nilijua alimnyima maji, lakini habari ya kikombe kilichosukumwa sikuijua. Nilikuwa kwangu natazama kuku. Na nilipoisikia nikaelewa papo hapo, mimi peke yangu katika kanisa zima, kwa nini mtu mwenye kiu alikataa maji.

Nilimfikiria yule mtu wa pale msalabani aliyechovya sifongo akamwinulia Bwana. Hatumjui jina. Sijui kama alikwenda kwake akijisifu au akijilaumu, sijui kama aliwahi kumwambia mama yake Yesu, aliyekuwa amesimama palepale, kwamba mwanawe alipata cha kulowesha ulimi. Mimi ningekuwa mama yule ningetaka kuambiwa. Ningetaka sana.

Nikasimama. Walidhani naimba, wengine walishavuta pumzi.

"MamTolo," nikasema, "hakukususa. Alikuwa ameshiba."

Akainua uso.

"Alikuwa ameshiba maji. Alikunywa ulipokwenda zahanati."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

Mchungaji alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti chake, akakaa tena. MamTolo akaegemea mimbari kunielekea. Nilikuwa tayari kwa lolote. Angenilaani mbele ya wote ningekubali.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Kikombe kizima. Kile cha bati chenye mdomo wa buluu. Akaomba tena, nikamwongeza nusu."

"Ya ndoo?"

"Ya ndoo ilikuwa imepata moto. Nilimchotea ya tangi, ya baridi."

"Na jiwe la ndoo ulilirudisha?"

"Nilianza na ndoo, ndipo nikaenda kwenye tangi. Jiwe nililirudisha."

"Akasema nini?"

Hapa nilisita, maana hapakuwa mahali pake. "Alisema nisikuambie. Alisema utamgombeza."

Kitu kikatoka kwake, sikujua kama ni kilio. Kilikuwa kicheko. Kicheko kikavu, kibovu, cha mtu aliyesahau namna ya kucheka, na machozi yakitiririka pamoja nacho. "Ningemgombeza kweli," akasema. "Mungu wangu, ningemgombeza." Na kanisa, Ijumaa Kuu, saa nane na nusu, likacheka naye. Nimeona mengi humu ndani lakini hilo sikuwahi kuliona.

Kisha akaomba maji.

Aliomba waziwazi, kutoka mimbarani: "Mchungaji, naomba hayo maji yako." Kulikuwa na glasi ya maji ya wahubiri pale mezani, ambayo MamTolo kila alipohubiri hakuigusa. Mchungaji Ntlabati aliiinua mwenyewe, akapanda nayo ngazi, akampa kwa mikono miwili. Akanywa yote mbele yetu, polepole, tukisikia kila funda. Sista Nomfusi nyuma yangu akasema amina ambayo haikuwa ya kanisa, ilikuwa ya zahanati.

MamTolo akafuta mdomo. "Nilikuwa nimelielewa vibaya neno langu," akasema. "Bwana hakusema tuone kiu pamoja naye. Alisema ana kiu. Mtu akikwambia ana kiu anataka maji, hataki na wewe ukauke. Ndiyo mahubiri yangu." Akashuka bila kushika ukuta. Wimbo niliuinua baada ya kukaa kwake, na haukuwa wa kumfunika mtu. Mzee Booi, aliyefuata na Neno la Sita, "Imekwisha," ambaye hajawahi kuhubiri chini ya nusu saa tangu nimjue, alimaliza kwa dakika nane.

Nje nilimshika Sista Nomfusi kwenye kona ya ukuta, mahali pasipo na upepo.

"Sista, niambie kweli. Mimi ndiye niliyemmaliza?"

"Kwa kikombe kimoja na nusu?"

"Daktari alikataza."

"Sharti lile lilikuwa la kupunguza uvimbe, apumue kwa nafuu. Halikuwa la kumfanya aishi milele." Aliniangalia kama anavyowaangalia watu wanaokuja zahanati na ugonjwa walioukalia. "Siku ile, Nowethu, hata ungempa pipa au ungemnyima tone, jioni isingemkuta. Moyo ulikuwa umekwisha kazi. Umekaa na swali hilo miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na mimi nakaa nyumba ya sita kutoka kwako."

"Niliogopa jibu."

"Haya, jibu ndilo hilo," akasema, akafunga skafu yake akaondoka. Mimi niliegemea ukuta wa kanisa, nikavuta hewa iliyofika chini kabisa ya mapafu. Nilijiona mwepesi kiasi cha kutaka kuwasamehe watu wote, hata mwenyekiti.

MamTolo alikuwa ananisubiri langoni. Tukashika njia ya nyumbani.

"Ulifikiri ningesema umemuua," akasema.

"Ungesema."

"Ningesema. Mwaka wa kwanza ningekufukuza na fagio. Mwaka wa pili ningekuja mwenyewe mlangoni kwako kukushukuru." Alikuwa anatazama njia. "Hiyo tisa iliyobaki, Nowethu, uliniibia."

Ni kweli. Nikamwambia nisamehe. Akasema atanisamehe, lakini si leo, leo anataka kukasirika kidogo, maana hasira hii ni nzuri, haina Mzoli ndani yake. Akanishika mkono huku amekasirika.

Kutoka kanisani hadi kwetu kuna nyumba tatu kando ya njia. Ya kwanza akaingia akaomba maji. Ya pili akaingia akaomba maji. Nilisimama langoni kila mara nikimngoja. Nyumba ya tatu walishtuka kumwona, MamTolo wa kufunga, ameshika kikombe Ijumaa Kuu jua bado lipo, wakamwuliza kama anaumwa.

"Hapana," akasema, akawarudishia kikombe wamjazie tena. "Naona kiu tu."